Mwizi wa Upepo

Septemba 27

Tumefika. Kambi ya wafanyakazi wa msimu ni uwanja wa changarawe nje ya mji mdogo, karibu na kituo kinachopokea viazi-sukari vya kukamuliwa sukari, na upande wa pili ni Mto Red uliojificha nyuma ya miti. Mume wangu Orrin aliiegesha trela tunamoishi kwa mara moja, bila kurudi mbele na nyuma, akashuka anajisifu. "Umeona, Lorna? Maisha yangu yote kwenye lori si bure." Nikamwacha ajisifu. Mimi nilikuwa na kile kioo kidogo cha vipimo mapajani tangu asubuhi, nasoma upepo wa matairi manne ya trela. Yote yalikuwa na pauni themanini za upepo, au karibu yake.

Vikofia nilivinunua mimi, mwezi Julai, wiki tuliyomzika rafiki yangu Corinne. Kila kimoja hufungwa kwenye valvu ya tairi, nacho hutuma habari kwenye kioo: upepo ni kiasi gani, joto ni kiasi gani. Mambo yakienda kombo kioo kinalia. Corinne na mumewe hawakuwa navyo. Tairi lao lilikuwa likipungua upepo taratibu huko Nebraska, wao wanasikiliza redio, mpaka likapasuka na trela ikaiburuta pikapu hadi mtaroni. Mume alitoka na mikwaruzo tu.

Orrin anaviita "vyura wako". Anasema yeye hupima tairi kwa kuligonga na rungu na hajakosea hata siku moja. Nimemkumbusha kwamba mume wa Corinne naye alikuwa na rungu. Akaenda kuunga maji.

Oktoba 1

Kazi imeanza. Malori yanamwaga viazi-sukari mchana na usiku, na mashine inavilundika mpaka vinakuwa kilima kirefu kuliko kanisa. Orrin anaongoza madereva, mimi najaza mifuko ya kupimia utamu. Zamu yetu ni ya mchana.

Jirani wa kushoto yuko zamu ya usiku. Asubuhi tunapishana naye, sisi tunakwenda, yeye anarudi na tope mpaka kwenye kope. Anaitwa Wendell Tasker, mtu mrefu, mwenye gari-nyumba kuukuu lililoliwa na kutu mlangoni. Hana mke, na wala hajatoa kiti nje. Trudy, wa trela ya kulia kwetu, ananiambia mtu asiyetoa kiti nje ana jambo analolificha ndani. Nilicheka. Trudy ana neno la kila mtu.

Oktoba 3

Viazi, mgongo, kulala.

Oktoba 5

Kioo kimelia nikiwa nachemsha kahawa. Tairi la nyuma kushoto lina sabini. Mengine yako sawa.

"Ni baridi hiyo," Orrin akasema.

"Baridi gani inayochagua tairi moja?"

Akatoka na kompresa, akalijaza, akalipapasa mzunguko mzima kutafuta msumari. Hakuona kitu. Tukachelewa kazini.

Oktoba 6

Jioni, tunavua buti, mlango ukagongwa. Wendell. Kofia mkononi, macho mekundu.

"Samahani, mama. Kile kidude chenu kimelia tangu asubuhi mlipoondoka. Mimi nalala mchana. Leo sijalala."

Ni kweli nilikiacha kimewaka. Tairi lilikuwa limeshuka tena. Nilikuwa nataka kumwomba radhi, lakini Orrin alikuwa na njaa, na Orrin mwenye njaa si mtu.

"Weka pamba masikioni, bwana. Kidude hicho kinalinda roho zetu."

"Na mimi nikisinzia kwenye mashine ile usiku, roho yangu inalindwa na nani?"

"Hilo kamuulize mama yako."

Wendell akavaa kofia, akaenda. Nilimwambia Orrin hakufanya vizuri. Akasema, "Anza kuwaonea huruma hawa, kesho watakwambia uzime taa."

Oktoba 8

Mvua. Mashamba ni uji, malori hayaingii, kazi imesimama. Kambi nzima iko ndani inachungulia madirishani. Tairi lina sitini na nane. Orrin amelijaza tena huku maji yanamwingia shingoni, anatukana kwa Kinorwe, lugha aliyoachiwa na bibi yake kwa ajili hiyo tu.

Oktoba 9

Mvua bado. Kulipopambazuka nilifungua pazia na kumwona Wendell Tasker amepiga magoti kando ya trela yetu. Kwenye tairi la nyuma, upande wa kushoto. Mkono mmoja aliuingiza nyuma ya gurudumu, na kichwa alikiinamisha kama mtu anayesikiliza. Alikaa hivyo, kisha akasimama, akatazama huku na huku, akaingia kwake.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye kioo. Sabini na moja.

Nimemwambia Orrin. Amekaa na kikombe mkononi mpaka kahawa ikapoa. Sijawahi kumwona ametulia namna ile, na utulivu wake ulinitisha kuliko matusi.

Oktoba 10

Sabini. Bado mvua.

Oktoba 11

Chumba cha kufulia kilijaa leo, maana hakuna kazi na kila mtu ana tope. Nilimwambia Trudy. Sikukusudia kuwaambia wote, lakini mashine zile zinanguruma na mtu hulazimika kupaza sauti.

"Anakutoleeni upepo?" Trudy alisema. "Kwa sababu ya kelele tu?"

"Nimemwona kwa macho yangu."

"Mimi dizeli yangu ilipungua wiki iliyopita," akadakia mwanamke mmoja.

"Basi na dizeli ni yeye."

"Na yule anaiba upepo, anaupeleka wapi? Anauuza?" Mtu akaangua kicheko. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimechoka na nilitaka kucheka na wenzangu. Nikasema, "Anajaza kifua chake. Hamuoni alivyokonda?"

Walicheka mpaka Trudy akashika mbavu. Tulipokuwa tunakunja nguo tayari walikuwa wanamwita Mwizi wa Upepo.

Jioni nilimfikiria Corinne. Kama mtu angekuwa ameligusa lile tairi lao makusudi, ningemfanya nini?

Oktoba 13

Naandika kabla ya kulala.

Jua lilitoka, tukatangaziwa kazi itaanza tena kesho. Asubuhi tairi lilikuwa na sitini na sita. Orrin hakuchukua kompresa. Alitoka na fulana tu, akaenda kuugonga mlango wa Wendell kwa ngumi. Wendell alifungua akiwa na soksi. Orrin akamkunja kola na kumshusha ngazi za mlangoni.

"Ulikuwa unafanya nini kwenye tairi langu?"

"Niachie, mzee."

"Nakuuliza tena. Mke wangu amekuona umepiga magoti."

Watu walitoka kwenye trela zao. Trudy alitoka na mswaki mdomoni. Msimamizi wa kambi, Bwana Stenerud, alikuja anakimbia kwa tumbo lake, akawatenganisha.

"Haya, Tasker. Jibu tu, tumalize. Ulikuwa unafanya nini pale?"

Wendell alitazama chini. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu. Kimya kile kilinithibitishia kila kitu. Nilijisikia kama nimepewa cheti.

"Nilikuwa namwita paka wangu," akasema mwishowe.

Kicheko kilipasuka uwanja mzima. "Paka!" mtu akapaza sauti. "Mwizi wa Upepo ana paka!"

"Paka gani?" Stenerud aliuliza. "Nani amewahi kumwona paka hapa?"

"Nilimficha. Sheria yenu inakataza wanyama. Alitoroka siku ya mvua. Huingia chini ya trela yao, pale nyuma ya gurudumu, kwenye joto la hita yao. Kila nikimwita anazidi kujificha. Muulizeni huyu mama kama hajasikia kitu chini ya sakafu."

Wote wakanigeukia. Sikuwa nimesikia kitu. Hivyo ndivyo nilivyosema: "Sijasikia kitu." Ilikuwa kweli, na niliitupa kama jiwe.

Stenerud akakuna shingo. "Basi sikiliza, Tasker. Kama ni upepo, umefanya kosa. Kama ni paka, umefanya kosa. Kwa vyovyote vile uondoke kabla ya jioni."

"Na kazi?"

"Hakuna kambi, hakuna kazi. Unajua."

Alifunga vitu vyake taratibu. Kila mara alikuwa anatoka na kupiga mluzi mdogo kuelekea chini ya trela yetu, na kila alipopiga mluzi watu wazima wale walimwigiza kama watoto. Gari lake likakataa kuwaka, kisha likawaka. Akaondoka.

Orrin akalijaza tairi na kukaza kile kikofia kwa nguvu. "Sasa tutaona," akasema.

Oktoba 14

Kazini. Kulikuwa na joto kama la Agosti. Jioni tairi lilikuwa themanini kamili. Orrin alinionyesha kioo kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua. Nilimpikia viazi vya oveni na nyama ya kusaga, akala sahani mbili.

Oktoba 15

Sabini na tisa. Trudy ameniletea keki ya tufaha. "Ya ushindi," alisema.

Oktoba 17

Sabini na nane. Upepo wa kaskazini. Wenyeji wanatazama mbingu na hawapendi wanachokiona.

Nimesikia kitu kinakwaruza chini ya sakafu. Nimemwambia Orrin ni panya.

Oktoba 18

Theluji imekuja kwa ubavu, haidondoki, inapita. Kazi imesimamishwa adhuhuri. Trela inatikisika. Hatuoni hata trela ya Trudy.

Kitu kile kinakwaruza tena. Nilipiga goti sakafuni nikaweka sikio kwenye zulia. Orrin akaniuliza natafuta nini. Nikasema nimeangusha hereni.

Oktoba 19

Dereva wa lori la viazi amemkuta Wendell mtaroni asubuhi, kati ya njia panda na kambi yetu.

Kumbe hakwenda mbali. Alikuwa ameliegesha gari lake nyuma ya ghala tupu pale njia panda, siku zote hizi, na kila siku alikuwa akija kwa miguu mpaka kwenye uzio na kupiga mluzi. Mke wa mwenye ghala ndiye aliyemwambia Stenerud. Jana theluji ilipoanza mwanamke huyo alimwona Wendell akivaa koti, akamwambia, "Usitoke, bwana, hutaona hata mkono wako." Wendell akamjibu kwamba paka hana koti.

Yu hai. Mfukoni alikuwa na kopo la samaki lililofunguliwa nusu, na glavu zake alikuwa amezivua ili kulifungua. Wamempeleka hospitali, Grand Forks.

Stenerud alikuja kutuambia akiwa amesimama mlangoni, theluji mabegani, hakutaka kuingia. Alisema, "Sikumwambia akae njia panda. Mmenisikia. Nilimwambia aondoke tu." Alirudia mara kadhaa. Orrin alimjibu kwamba hakuna aliyesema hivyo.

Alipoondoka, Orrin alivaa buti akatoka nje na tochi mchana kweupe. Nilimsikia akilala kifudifudi kwenye theluji. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na mikwaruzo mikononi na kitu kimefungwa ndani ya fulana yake. Paka mdogo wa kijivu, mbavu tupu, sikio moja limeganda.

Nilipasha maziwa.

Oktoba 20

Tairi lina hamsini na tisa. Hakuna mtu kwenye theluji ile. Hakuna alama ya kiatu ila za Orrin.

Oktoba 21

Orrin alilifungua gurudumu tukalipeleka kwa fundi wa matairi mjini, mwanamke mnene anayetafuna mbegu za alizeti. Alilizamisha kwenye pipa la maji, akaigusa valvu kwa kidole kuipeleka upande. Mapovu yakapanda kama soda.

"Valvu zenu ni za mpira," alisema, "na mmezitundikia vikofia vizito. Gurudumu likizunguka, kikofia kinayumba, mpira unachanika hapa shinani. Unaona ufa huu? Ukiikaza ikakaa wima inaziba kidogo. Baridi ikija inafunguka. Mnatakiwa mfunge za chuma. Hata karatasi yake inasema, lakini nani anasoma."

"Kwa hiyo hakuna mtu aliyeligusa," Orrin alisema.

"Nani aliguse tairi, bwana, kwa baridi hii?" Akatema ganda. "Mngeenda nalo hivyo barabara kuu, ndipo mngeona."

Akatufungia valvu ya chuma, na yale magurudumu matatu mengine akasema tumletee kesho. Njiani kurudi Orrin aliendesha polepole sana, magari yakatupita na kutupigia honi. Tulipofika kambini alizima injini akabaki ameshika usukani.

"Vikofia nilivinunua mimi," nikasema.

"Kola niliikunja mimi."

Tulikaa humo mpaka vioo vikaingia ukungu.

Oktoba 25

Hospitali ya Grand Forks. Orrin alishindwa kupanda juu. Alibaki chini kwenye pikapu na paka.

Wendell amekaa kitandani, mikono yote miwili imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko, imekuwa mikubwa kama mikate. Dada yake, mwanamke aliyetoka mji wa Duluth, mwenye koti la kanisani, alikuwa anamlisha supu. Nilisema jina langu. Dada akaweka kijiko chini.

"Mabel yuko wapi?" Wendell akauliza. Hakunisalimu.

"Yuko chini, kwenye gari. Mzima. Sikio moja litakatika ncha."

Akafumba macho. Machozi yakamtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafuta, wala mimi sikuthubutu kuyafuta. Dada yake ndiye aliyefuta.

Nikaanza. Nikamwambia kuhusu valvu, ufa, mapovu kwenye pipa. Nilikuwa nimeyapanga yote kichwani. Aliniacha niseme mpaka nikafika katikati.

"Mama," akasema, "unanieleza kwamba sikuwatolea upepo. Hilo nilikuwa nalijua kabla yako."

Akainua ile mikono yenye bandeji.

"Madaktari wamesema vidole vya kulia vyote vitakatwa. Kushoto kitabaki gumba na kingine kimoja, wakibahatika. Nisikilize. Mara ya kwanza nilipokuja kwenu nilikuja na kofia mkononi. Mngenikaribisha hata kidogo, ningekwambia kuhusu Mabel. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia."

"Nifanye nini?" nikauliza. "Niambie tu, nitafanya."

"Ulikuwa na mdomo wa kuwaambia wote. Basi uwarudie wote."

Nikaahidi. Dada yake alinisindikiza hadi chini kumchukua paka. Orrin alishuka, akavua kofia, akafungua mdomo. Yule dada akampokonya kikapu cha paka na kusema, "Usinisemeshe, baba. Nina safari ndefu."

Oktoba 27

Ardhi imeganda. Kampuni imetangaza mwisho wa mavuno, kabla ya wakati. Tuliporudi juzi, nusu ya kambi ilikuwa imeshaondoka.

Nimezunguka mlango kwa mlango kwa waliobaki. Mmoja alikuwa anakunja mabomba ya maji na akaniambia, "Sawa, sawa, mama," bila kuinua kichwa. Mwingine hakumkumbuka Wendell kwa jina. Nilipotaja lile jina jingine ndipo akatabasamu. Stenerud alisema kitabu cha msimu kimefungwa. Yule wa dizeli amekwenda Texas. Hakuna anayejua wapi Texas.

Trudy alinisikiliza hadi mwisho. "Basi ni paka," akasema. "Lakini si alivunja sheria hata hivyo?"

"Atakatwa vidole, Trudy."

"Mimi sikumtuma mtu kwenye theluji." Akaingia ndani na kufunga. Baadaye nilimwona na mumewe wakiikokota trela yao kuelekea kusini, kiti chake cha nje kimefungwa nyuma. Hakupunga mkono.

Novemba 2

Tuko njiani. Dakota Kusini. Orrin haendeshi mpaka nimsomee matairi yote kwa sauti, moja moja. Haviiti vyura tena.

Novemba 5

Kansas. Kambi hii ina ukumbi, na Jumapili watu hula pamoja, kila mtu na bakuli lake. Tuliketi na watu tusiowajua. Mbele yetu kulikuwa na mzee mchangamfu wa Oklahoma, wa kuchekesha meza nzima. Mazungumzo yakafika kwenye matairi, kama kawaida ya watu wa trela.

"Mmesikia ya Mwizi wa Upepo?" akasema. "Kule kwenye viazi-sukari. Jamaa anawatolea watu upepo wa matairi kila usiku. Wamemkamata, wanamuuliza ulikuwa unafanya nini, anasema, 'Namwita paka!'"

Meza ikaangua kicheko. Mwanamke mmoja alimwaga chai. Mzee akaendelea, akaongeza ya kwake: kwamba alikuwa na mapipa ya upepo, kwamba alikimbia na soksi. Soksi zilikuwa kweli.

Niliweka uma chini niseme, lakini nilichelewa. Orrin ndiye aliyesimama. Mume wangu, asiyeweza kuhutubia watu, ambaye hata kwenye harusi yetu alisema maneno mawili tu, alisimama na kitambaa cha mezani bado kimening'inia shingoni.

"Tairi lilikuwa langu," alisema. "Paka alikuwepo. Upepo ulikuwa unavuja wenyewe, kwenye valvu, kwa uzembe wetu. Tulimfukuzisha mtu bure, akalala mtaroni kwenye theluji akimtafuta huyo paka, na wamemkata vidole. Anaitwa Wendell Tasker."

Alisema yote kwa sauti ile ile ya kuelekeza malori. Kisha akakaa, maana hakuwa na lingine.

Mtu alikwaruza sahani kwa uma. Yule mzee alitazama bakuli lake la maharage, halafu akanitazama mimi, si kwa ubaya.

"Hiyo sasa si ya kuchekesha, mama," akasema. "Hiyo mtu hawezi kuisimulia popote."

Akachukua sahani yake, akahamia meza ya karibu na dirisha. Baada ya muda kidogo tukasikia meza ile nayo inacheka.